Usanifu wa programu: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Usanifu ni ule mchoro wa visanduku na mishale.

Mchoro ni maelezo tu. Hata kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC/IEEE 42010 kinatenganisha usanifu wa mfumo na maelezo yake. Chukua AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya wakulima wa kahawa huko juu mlimani, inayotaka mfumo wa kupokelea kahawa kwenye mizani. Namba ya stakabadhi itolewe na nani: seva (kompyuta kuu) iliyoko Moshi mjini, au simu ya karani? Ikitolewa na seva, mtandao ukikatika karani anarudi kwenye daftari huku foleni ikirefuka. Ikitolewa na simu, kazi inaendelea, ila lazima kuwe na utaratibu wa kuzuia mizani mbili zisitoe namba moja. Uamuzi huo ukishaingia kwenye risiti, ripoti na malipo, kuubadilisha katikati ya msimu ni balaa. Uamuzi wa namna hiyo ndio usanifu, hata kama hakuna aliyeshika kalamu kuuchora.

Dhana: Tuko watatu tu, mfumo wetu hauna usanifu.

Unao. Pengine hamjawahi kuujadili, basi.

Dhana: Usanifu wa kisasa ni kuukata mfumo kuwa huduma ndogondogo, kila moja na seva yake.

Hii inapendwa sana kwenye usaili wa kazi. Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta David Parnas alishauri programu igawanywe kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila moduli, yaani kipande cha programu, ifiche uamuzi mmoja ili vipande vingine visiutegemee. Hakuna panapolazimu moduli hizo zikae kwenye seva tofauti. Ukizitenganisha, kilichokuwa mwito wa ndani ya programu, kipande kimoja kukiomba kingine kazi, kinapita kwenye mtandao, na mtandao huchelewa, hukatika, hurudia ujumbe. Kwa timu ndogo inayohudumia vyama vichache vya mlimani, mimi ningebaki na programu moja iliyogawanywa vizuri ndani.

Dhana: Ni mambo ya kompyuta, watu hawahusiki.

Mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba shirika hubuni mfumo unaofanana na njia zake za mawasiliano. Kama anayeandika sehemu ya mizani na anayeandika sehemu ya malipo hawaongei, usishangae mmoja akihifadhi kilo na mwenzake magunia. Mhasibu atawapigia simu wote wawili, na kila mmoja atamwambia upande wake uko sawa.