Uso wa Kalibu Huanzia Kwenye Elektrodi

Malalamiko yanayofika kwenye meza yetu ya ukaguzi yameongezeka, na mengi yanafanana: kalibu imetoka kwenye mashine ya cheche, ile inayochimba chuma kwa cheche za umeme, ikiwa na vipimo sahihi, lakini ukiipapasa inakwaruza. Fundi anailaumu mashine. Tukiomba kuiona elektrodi, yaani kile kipande kilichochongwa ambacho cheche hunakili umbo lake kwenye chuma, tunaambiwa imeshatupwa.

Cheche hunakili. Mstari mwembamba ulioachwa na kisu kwenye elektrodi utahamia kwenye chuma. Ukipunguza ampea na kufupisha kila mpigo wa umeme, vishimo vya cheche vitakuwa vidogo, ila mstari ule utabaki palepale.

Elektrodi ya grafaiti haiyeyuki, hugeuka mvuke kwenye nyuzi 3,600 hivi za Selsiasi, ndiyo maana huvumilia mkondo mkubwa wa kuchimbia. Lakini imeundwa kwa punje na vitundu. Ile ya punje za mikroni (sehemu za elfu za milimita) 10 hadi 20 ukiitumia kumalizia, uso utabeba sura ya punje hizo. Kwa kumalizia, chagua iliyo chini ya mikroni 5. Shaba iliyong'arishwa vizuri inaweza kufikisha Ra (wastani wa ukwaruzo wa uso) ya mikroni 0.2, iwapo mashine ina mipangilio midogo ya kutosha, ingawa pembe zake kali huwahi kulika. Hapo shaba-tangsteni, mchanganyiko wa shaba na tangsteni usiolika upesi, hustahili bei yake.

Na hili la "msasa utamaliza" tuliache, tafadhali. Cheche huacha tabaka jeupe, gumu, mara nyingi lenye nyufa ndogo ndogo. Kuliondoa kwa mkono ni saa nyingi, na pembe za kalibu huviringika.

Kuhusu upimaji: safisha mafuta yote kwanza. Kwa Ra ya kati ya mikroni 0.1 na 2, urefu wa kila kipande cha uso kinachopimwa huwekwa milimita 0.8, vipande vitano mfululizo, jumla milimita 4. Kisha pima tena ukikatiza mwelekeo wa kwanza. Uso wa cheche hauna mwelekeo, hivyo namba mbili zikitofautiana sana, hiyo ni mistari ya kisu iliyotoka kwenye elektrodi. Kazi ya namna hiyo hurudishwa, na hurudiwa kwa elektrodi mpya iliyong'arishwa, kamwe si ile iliyokwisha kuchakaa. Unapoleta kalibu kukaguliwa, leta na elektrodi yake.