Kujaza Mafuta Alfajiri Hakukuokolei Hata Shilingi Mia Mbili

Kazi yangu ni kufunga, kutengeneza na kusahihisha pampu za vituo vya mafuta, Dar es Salaam na mikoa ya jirani. Nikiwa nimefungua mlango wa pampu na kopo la kupimia liko chini, dereva anayesubiri zamu lazima anipe somo, na somo ni lile lile: "Fundi, mchana hapa mnatuuzia hewa. Mimi wese langu najaza saa kumi na moja alfajiri, likiwa bado limepoa." Wenye bajaji wanasema hivyo, wenye Noah wanasema, mwenye V8 naye anashusha kioo ili aseme. Juzi aliyeniambia ni mwalimu wa fizikia. Nimechoka kujibu nikiwa nimeinama, acha niandike.

Ndani ya maneno hayo kuna ukweli. Petroli ikipata joto hutanuka. Kwa kila nyuzi joto moja, ujazo wake huongezeka kwa asilimia 0.095 hivi. Pampu nayo huhesabu ujazo, haipimi uzito. Kwa hiyo lita ya petroli iliyopoa ina mafuta mengi kidogo kuliko lita ya petroli ya moto. Hadi hapo hakuna ubishi, na wanaosambaza ujumbe huu kwenye magrupu ya WhatsApp huishia hapo hapo.

Hawajiulizi petroli yenyewe inakaa wapi. Haikai kwenye pampu. Iko kwenye tenki lililofukiwa chini ya zege, kwa kawaida karibu mita moja kwenda chini hadi kulifikia mgongo wake, na humo ndani mna maelfu ya lita. Jua linalokaanga bodi ya gari lako haliyafikii mafuta hayo. Udongo wa nusu mita tu unatosha kuzima karibu tofauti yote ya joto la usiku na mchana. Alfajiri joto lake ni lile lile, saa nane mchana ni lile lile.

Haya, nikupe zaidi ya unachostahili, tuseme tofauti ni nyuzi moja nzima. Unajaza lita 40. Zidisha kwa 0.00095, unapata lita 0.038, yaani mililita 38. Lita ikiwa shilingi 3,000, umeokoa shilingi 114. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja linazimaliza mililita hizo ndani ya mita 380. Ukikiacha kituo kilicho njiani kwako ukaenda cha mbele kidogo kwa sababu kinafunguliwa mapema, umeshakula hasara kabla hujafungua mfuniko wa tenki.

Imani hii ina asili yake. Chukua lori lililopakia lita 30,000 ghalani Kigamboni mafuta yakiwa na nyuzi 35. Yakishushwa kituoni na kupoa hadi nyuzi 28, karibu lita 200 "zimepotea" bila mtu kuiba hata kikombe. Hizo ni pesa za kweli, na mwenye kituo zinamuuma. Ndiyo sababu kwenye biashara ya shehena kubwa ujazo husahihishwa kulingana na joto. Dereva wa lori anayajua haya, anamsimulia shemeji yake mwenye Vitz, na shemeji anaondoka akiamini hesabu ya lita 30,000 inazihusu lita zake 15.

Tena kuna linalonichekesha. Mafuta mapya huingia kituoni na joto la ghalani na la barabarani, halafu hupoa taratibu ardhini kwa siku kadhaa. Kituo kikishushiwa mzigo jioni, anayeamka alfajiri kuwahi mafuta ya baridi anaweza kuyakuta yana joto kuliko atakayoyakuta mwenzake keshokutwa saa saba mchana.

Na hiyo "hewa"? Ukitaka wasiwasi wenye maana, nenda kwenye mita. Kopo langu ni la chuma, la lita 20, lina shingo nyembamba yenye kioo na mistari ya mililita juu na chini ya sifuri. Kwanza nalilowesha: nalijaza, nalimwaga, naliinamisha lichuruzike nusu dakika, maana kopo kavu hubakiza mafuta ukutani na kukudanganya. Ndipo nalijaza tena mpaka pampu isome 20.00 na kutazama kioo kwa usawa wa jicho. Kiwango cha kimataifa kinavumilia nusu asilimia, ambayo kwa lita 20 ni mililita 100. Ikizidi hapo, mita inasahihishwa, na Wakala wa Vipimo ndio wanaohakiki na kupiga lakiri upya. Sasa linganisha: kwenye lita zako 40, nusu asilimia ni mililita 200, mara tano na zaidi ya hizo za alfajiri. Lakini sijawahi kumwona dereva akiinama kutazama kama pampu ina stika ya uhakiki ya mwaka huu. Wote wanatazama jua.

Mengine nitayapitia haraka.

"Usinunue ya elfu kumi kamili, nunua ya 9,700, pampu zimetegeshwa kwenye namba kamili." Mita huhesabu mafuta yanayopita, haijui umekuja na noti gani. Anayeichezea kwa kawaida anaharibu kila lita, ya mwenye elfu kumi na ya mwenye 9,700. Wizi wa kawaida hauhitaji hata bisibisi: pampu haikurudishwa sifuri na wewe uko kwenye simu. Shuka garini, tazama sifuri, dai risiti ya EFD na usome idadi ya lita, si kiasi cha fedha peke yake.

"Mwambie mhudumu abonyeze taratibu, akibonyeza kwa nguvu unalipia mvuke." Ushauri huu umetoka Marekani, kwenye pampu zinazonyonya mvuke wakati wa kujaza. Hata huko, mvuke unaonyonywa hutoka kwenye tenki lako na haupiti kwenye mita uliyolipia. Kubonyeza taratibu kunarefusha foleni tu.

"Tikisa mpira, mafuta yangu yamebaki humo." Mpira ulikuwa umejaa ulipofika, na utabaki umejaa ukiondoka. Ulianza na mafuta yaliyohesabiwa kwa aliyekutangulia, ukamwachia anayefuata kiasi kile kile. Cha kudai ni matone ya kwenye mdomo wa bomba: liache ndani ya tenki sekunde chache lichuruzike.

"Ukiendesha na nusu tenki, hewa inakunywa mafuta." Tenki la gari la kisasa limefungwa, mvuke wake unanaswa kwenye chupa ya mkaa na kurudishwa kwenye injini uchomwe. Sababu ya kutosubiri taa iwake ni nyingine: pampu ya ndani ya tenki hupozwa na petroli yenyewe. Ukiiendesha kila siku kwenye mabaki, siku moja utainunua mpya.

Na hapo hapo, wahudumu wangu wapendwa, acheni kugandamiza baada ya pampu kukata! "Ngoja nikukamilishie ifike elfu hamsini." Ile chupa ya mkaa imetengenezwa kwa ajili ya mvuke. Ukishindilia mpaka shingoni, petroli inaweza kuingia humo na kuiharibu, na inayobaki inamwagika kwenye tairi kona ya kwanza. Ikikata, imekata.

"Weka ya oktani kubwa, gari litakula kidogo." Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Kama kitabu cha IST yako hakiidai, injini haina cha kuifanyia. Umemnufaisha muuzaji.

La mwisho halihusu pampu, lakini linaua, kwa hiyo silipiti haraka: "Mteremkoni weka nyutro, gari linatembea bure." Zamani za kabureta lilikuwa na mantiki. Kwenye injini ya EFI, yaani inayopulizwa mafuta kwa kuongozwa na kompyuta, mambo ni kinyume. Ukiondoa mguu kwenye mafuta ukiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta inafunga nozeli za kupuliza mafuta: matumizi ni sifuri. Ukitoa gia, injini lazima ijizungushe yenyewe, kwa hiyo inaanza tena kunywa. Unajinyima breki ya injini na bado unalipia mafuta. Dizeli za kisasa nazo hukata mafuta vivyo hivyo. Mtu anashuka Kitonga na tani 30 nyuma, nyutro, amekanyaga breki mpaka zinatoa moshi, eti anabana matumizi. Kule Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, mtindo huo umelaumiwa kwa miaka mingi kwa ajali za malori zilizomaliza watu. Gari lako ni otomatiki? Liache kwenye D, na mteremko ukiwa mkali shusha gia.

Pesa unayoitafuta alfajiri iko kwenye tairi. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila PSI moja (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua kwenye tairi zote huongeza matumizi kwa karibu asilimia 0.2. Tairi zikiwa chini kwa PSI 10, na kwa macho tu huwezi kuliona hilo, ni asilimia 2. Kwenye lita zako 40 hizo ni shilingi 2,400 kwa kila tenki. Foleni nayo: injini inayounguruma imesimama, kiyoyozi kimewashwa, hunywa kati ya lita moja na mbili kwa saa, kutegemea ukubwa wake. Na ukivuka kilomita 80 kwa saa, upepo unaanza kukudai.

Kisha kuna bei yenyewe, ambayo watu wanaijadili kama hali ya hewa ilhali ina tarehe. Tanzania, mamlaka inayodhibiti nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya, mamlaka ya kule, EPRA, hutangaza tarehe 14. Kikomo maana yake kituo hakiruhusiwi kuzidisha. Kupunguza kinaruhusiwa, na vipo vinavyopunguza, kwa hiyo soma ubao wa bei kabla hujakata kona kuingia. Ukiwa Tanzania, bei ya eneo lako unaipata kwa kupiga *152*00#. Utaona kwamba miji iliyo karibu na bandari za kushushia mafuta, yaani Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, huuziwa kwa bei ya chini kuliko iliyo mbali, kwa sababu kila lita inayokwenda Kagera au Kigoma imelipiwa nauli. Anayetoka Dar kwenda Bukoba ajaze fulu tenki kabla ya kuondoka na aongezee njiani kwenye miji ya karibu na pwani, saa yoyote anayoipenda, hata saa saba mchana jua la utosi.