Bushi ni nini, na kwa nini pikapu kuukuu hugonga hata ikifungwa shokapu mpya

Bushi ni kipande cha mpira chenye umbo la bomba fupi, kinachokaa kati ya vyuma viwili vinavyotakiwa kucheza bila kugusana. Kwenye gari utaikuta popote ambapo mkono (chuma kinachoshika gurudumu), kamani (springi ya mabamba) au shokapu (kituliza mdundo) imeunganishwa na chasisi kwa bolti au pini. Nyingine zina ganda la chuma nje na bomba la chuma ndani, mpira ukiwa umegandishwa katikati. Nyingine ni mpira mtupu wa vipande viwili, kila kimoja kikiingizwa kutoka upande wake. Kazi yake ni kushika chuma mahali pake, kukiachia kijigeuze kidogo, na kumeza mtetemo kabla haujafika kwenye bodi.

Hayo mafundi wengi wanayajua. Kinachosahaulika ni kwamba bushi ya mpira haizunguki, inajipinda. Bomba la ndani limebanwa na bolti lisiende popote, sehemu ya nje imekaza kwenye tundu lake, na mpira ulio katikati ndio unaosokoteka gari likipanda na kushuka, kisha unarudi. Chukua kandambili, iweke katikati ya viganja vyako, bana kwa nguvu halafu geuza kiganja kimoja kidogo. Kiganja hakitelezi, mpira wenyewe unakubali kupindika, na ukilegeza unarudi ulivyokuwa. Ukigeuza zaidi utahisi unakataa. Makosa mengi ya kubadilisha bushi yanatokana na kusahau hilo, na nitalirudia hapo chini kwa sababu linagharimu watu fedha kila siku.

Tuchukue Toyota Hilux ya kizazi cha 5, ile iliyotoka 1988 na kuendelea hadi 1997. Ni gari kuukuu sasa, lakini bado linabeba saruji, nyanya na mbuzi, na umri wake ndio hasa umri wa bushi kuisha.

Nyuma ya Hilux hii kuna ekseli moja nzima iliyofungwa kwa U-bolti, yaani bolti zenye umbo la U, kwenye kamani mbili za mabamba ya chuma. Kamani hizo tunazifikiria kama kitu cha kubebea mzigo tu, wakati zina kazi ya pili iliyo nzito vilevile: ndizo pekee zinazoiambia ekseli ikae wapi. Hakuna mkono mwingine unaoizuia isiende mbele, nyuma au pembeni. Ncha ya mbele ya kamani imepigwa pini moja kwa moja kwenye chasisi. Ncha ya nyuma inaning'inia kwenye sheko, kile kiungo kifupi kinachobembea, kwa sababu kamani iliyopinda hurefuka ikilemewa na lazima ipate pa kusogea. Kwa hiyo kila upande una sehemu tatu za bushi: ncha ya mbele, sheko juu na sheko chini. Kila sehemu ina vipande viwili, na jumla kwa nyuma yote inakuwa vipande 12.

Bushi ya ncha ya mbele ndiyo inayoteseka kuliko zote. Ukikanyaga mafuta, magurudumu yanasukuma ekseli, ekseli inasukuma kamani, na kamani inasukuma gari zima kupitia kipande hicho cha mpira. Ukishika breki, nguvu ileile inageuka. Mpira ukiisha upande mmoja, ekseli inapata nafasi ya kwenda mbele au nyuma upande ule tu, maana yake ekseli inakaa mshazari. Hapo magurudumu ya nyuma yanaanza kukata kona yenyewe. Dereva anasikia gari linayumba nyuma akiachia mafuta, anashika usukani kwa nguvu, anapeleka gari gereji, na anaambiwa tatizo ni usukani au matairi. Nimeona watu wakinunua jozi ya matairi na kurudi na malalamiko yaleyale.

Dalili nyingine ni mlio. Ukiachia klachi taratibu, hasa ukiwa na mzigo, unasikia "kung" moja nyuma. Ukirudisha nyuma na kushika breki, "kung" nyingine. Huo ni mlio wa chuma kikifika mwisho wa nafasi yake baada ya mpira kutoweka, ingawa msalaba, kile kiungo cha propela shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma, nao unaweza kutoa mlio unaofanana, kwa hiyo utikise kwa mkono kabla hujafungua kitu kingine. Gari likigonga kwa mfululizo kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo midogo midogo, anza na vibushi vya shokapu yenyewe, vile viwili vya juu na chini. Ni vidogo, bei yake ni ndogo, na mara nyingi ndivyo vinavyogonga wakati shokapu bado ni nzima.

Shokapu hulaumiwa bure. Kazi yake ni kutuliza mdundo wa kamani. Ikiwa imekufa, utaona mafuta yamemwagika mwilini mwake, au ukikandamiza pembe ya gari na kuachia, gari linaendelea kudunda. Kama hayo hayapo, shokapu mpya haitaondoa mlio wa bushi. Itakaa wiki kadhaa ikipigwa na ekseli inayocheza, na vibushi vyake navyo vitaisha.

Kuikagua bushi kunahitaji macho na mtaimbo. Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu, ingia chini na tochi. Tazama pini ikoje ndani ya tundu la kamani: inatakiwa kuwa katikati, na mpira uonekane kwa unene uleule kuizunguka. Ikiwa pini imelala upande mmoja na upande wa pili kuna pengo, bushi imekwisha. Tazama ukingo wa mpira unaotokeza nje. Mpira mzima una weusi mtulivu na ukiubonyeza kwa kucha unarudi. Uliokufa una nyufa za duara, umemong'onyoka kama makombo, au umevimba na kulainika. Unga mwekundu wa kutu ukivuja kandokando ya pini unakuambia chuma kinasaga chuma humo ndani. Kisha ingiza mtaimbo kati ya kamani na chasisi, sukuma. Kusogea kidogo kwa ukinzani ni sawa. Kuruka na kugonga si sawa.

Kuhusu kuvimba na kulainika kuna desturi yetu moja inayohitaji kuachwa. Baada ya kuosha gari, watu hupulizia dizeli iliyochanganywa na oili chafu chini yote ili kuzuia kutu. Chasisi inang'aa na mwenye gari anaridhika. Lakini mpira wa asili na mafuta ya petroli haviendani: unayanyonya, unavimba, unapoteza nguvu. Kwa sababu hiyohiyo usiipake bushi ya mpira grisi ya kawaida wakati wa kuifunga. Maji ya sabuni yanatosha kuiteleza iingie, na yakikauka mpira unashika.

Kazi ya kubadilisha yenyewe ni ngumu kwa sababu ya kutu. Siku moja au mbili kabla, puliza dawa ya kutu kwenye nati na pini zote. Inua gari kwa chasisi, liweke juu ya stendi za chuma, na usilitegemee jeki peke yake wala mawe. Ekseli ishikiliwe na jeki yake, kwa sababu ukitoa pini itaanguka na kuning'inia kwenye bomba la breki. Fanya upande mmoja kwanza huku mwingine ukiwa umefungwa, ekseli isikimbie. Lakini badilisha pande zote mbili siku hiyohiyo. Bushi mpya kulia na ya zamani kushoto inairudisha ekseli kwenye mshazari uleule uliotaka kuuondoa.

Pini ikikataa kutoka, wengi huwasha moto wa gesi. Sipendi njia hiyo. Mpira ukiungua unatoa moshi mbaya, tangi la mafuta liko karibu, na chuma cha kamani kikipata joto kali kinapoteza ugumu wake, kisha bamba kuu linavunjika kwenye tundu. Subira, nyundo nzito na dawa ya kutu vinashinda mara nyingi. Pini iliyoliwa usiirudishe. Ukipitisha kidole na kuhisi kijia, nunua mpya, maana bushi mpya kwenye pini iliyochimbika imeanza maisha ikiwa na nafasi. Safisha pia ndani ya tundu la kamani hadi chuma kiwe laini.

Sasa kukaza. Ingiza bushi, pitisha pini, funga nati kwa mkono tu, zisicheze lakini zisikaze. Rudisha magurudumu, shusha gari chini likae kwa uzito wake wote, litikise mara chache ili kamani ikae. Hapo ndipo uingie chini na kukaza kabisa. Ukikaza gari likiwa juu, magurudumu yakining'inia, unaifunga bushi katika mkao ambao gari halitaishi nao. Ukilishusha, mpira unasokoteka kabla hata hujaondoka gereji, na kila shimo linausokota zaidi. Bushi nzuri ya kudumu miaka inachanika ndani ya miezi michache, kisha mwenye gari anasema duka lilimuuzia feki. Feki zipo, Gerezani ya Dar es Salaam na Kirinyaga Road ya Nairobi, kwenye maduka ya vipuri, zinajulikana kwa hilo kama zinavyojulikana kwa vifaa halisi. Hata hivyo, kabla hujarudi dukani kugombana, muulize fundi wako alikaza nati gari likiwa wapi.

Dukani utakutana na aina zaidi ya moja. Mpira wa kiwandani ni laini, hauna kelele, na kwa gari la kazi za kawaida mimi ndio ninaoupendekeza. Polyurethane, plastiki ngumu inayofanana na mpira, zile za rangi nyekundu, njano au buluu, ni ngumu zaidi na hazidhuriki sana na mafuta. Zenyewe kweli huzunguka juu ya pini badala ya kujipinda, kwa hiyo zinataka grisi yake maalumu. Zikifungwa kavu zinalia kama mlango. Bushi za nailoni zilizochongwa kwenye mashine ni imara lakini zinapeleka kila mtetemo kwenye chasisi. Zilizokatwa kutoka tairi kuukuu zimeokoa safari nyingi mahali pasipo na duka, na siwezi kumlaumu aliyezitumia ili afike nyumbani. Tatizo ni nyuzi zilizo ndani ya tairi: zinaufanya mpira usijipinde vizuri na zinasugua pini. Zichukulie kuwa za muda.

Kuna jambo linalofanywa sana kwa pikapu za mzigo: kuongeza bamba kwenye kamani. Gari likilala nyuma, bamba linaongezwa, na kila kitu kinaonekana sawa. Bamba hilo linainua gari na kuifanya kamani iwe ngumu, basi pigo ambalo kamani ingelimeza linakwenda kwenye bushi. Zaidi ya hapo, Hilux nyingi zina vali ya breki ya nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fito, inayopima mzigo kwa umbali kati ya ekseli na chasisi. Gari likiinuliwa, vali inadhani halina mzigo na inapunguza breki ya nyuma. Ukiongeza bamba bila kurekebisha fito hiyo, umepunguza breki za gari unaloandaa kubeba zaidi.

Mbele ni hadithi nyingine. Hilux inayosukumwa na magurudumu mawili tu (2WD) ina mikono ya juu na ya chini, na badala ya kamani ina chuma kirefu kinachopindwa, ambacho mafundi hukiita toshenba. Bushi za mikono zina ganda la chuma na zinahitaji presi au jiliwa kubwa. Kuzipiga nyundo kunaziharibu kabla hazijaingia. Kabla ya kulegeza toshenba, tia alama pande zote mbili kwa tindo au rangi na upime urefu wa uzi wa bolti ya kurekebishia, la sivyo gari litasimama upande mmoja juu, mwingine chini. Kanuni ya kukaza gari likiwa limekaa chini ni ileile. Na ukiwa huko, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, huenda ni boljointi, kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka, au beringi. Boljointi iliyolegea haisubiri mwisho wa mwezi. Ikichomoka, gurudumu linalala na gari halina tena usukani. Kama fedha ni kidogo, hiyo inatangulia bushi zote.

U-bolti ukizifungua, funga mpya. Za zamani zimeshavutika na uzi wake hauaminiki. Zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo, kisha baada ya kilomita mia chache gari likiwa limebeba mzigo zikazwe tena, kwa sababu mabamba yakishakaa vizuri nati hulegea. Alaimenti ya mbele, yaani mpangilio wa magurudumu, ipimwe baada ya hapo, maana vipimo vilivyochukuliwa juu ya bushi mbovu havina kazi tena.