Kuzalishwa Nyumbani na Mkunga: Takwimu za Uingereza na Hali ya Tanga

Akina mama wanaohudhuria kliniki hapa Tanga hutuuliza kwa nini Uingereza mwanamke huweza kuzalishwa nyumbani, ilhali sisi tunamhimiza aje hospitali. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili.

Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2011, uliofuatilia wanawake zaidi ya 64,000 wenye mimba zisizo na hatari, ulionyesha kuwa waliopanga kujifungulia nyumbani walipasuliwa kwa asilimia 2.8, na waliopanga kujifungulia hospitali yenye madaktari bingwa kwa asilimia 11.1. Waliokatwa ili kuongezewa njia walikuwa asilimia 5.4 kwa 19.3. Hospitalini hatua moja huvuta nyingine: mama akilazwa chali mapema, uchungu huweza kulegea, ukilegea, hutundikiwa dripu ya kuuongeza, dripu ikizidisha mikazo, mapigo ya moyo ya mtoto huyumba, na hapo ndipo chumba cha upasuaji hutajwa. Mkunga aliye nyumbani ana mama mmoja tu wa kumwangalia, naye humwacha atembee.

Hata hivyo, kwa wenye mimba ya kwanza, utafiti huohuo ulikuta madhara makubwa kwa mtoto katika uzazi 9.3 kati ya 1,000 nyumbani, dhidi ya 5.3 hospitalini, na takribani 45 kati ya kila 100 waliopanga kujifungulia nyumbani walihamishiwa hospitali. Hao 45 ndio kiini cha jibu letu. Mkunga wa kule amesomea na kusajiliwa, ana sindano ya oksitosini ya kuzuia mama asivuje damu nyingi, na kifaa cha kumpulizia mtoto hewa, na gari la wagonjwa huitikia simu yake. Mama aliye kijijini Mkinga, au ng'ambo ya Mto Pangani usiku wa manane, mara nyingi ana bibi mkunga wa jadi, wembe mpya na uzi. Simdharau bibi huyo, kwani anajua kumtuliza mzazi kuliko wengi wetu. Lakini damu ikifunguka baada ya kondo la nyuma kutoka, huweza kumuua mama ndani ya saa mbili, na sindano hiyo ya oksitosini, yuniti 10, inayochomwa pajani mara tu mtoto anapozaliwa hutunzwa kwenye jokofu.

Kwa hiyo tunachopaswa kukichukua Uingereza ni subira ya yule mkunga. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kutomwongezea njia kila mzazi, kutomharakisha kwa sababu tu njia haifunguki sentimita moja kila saa, na kumruhusu awe na mtu wake wa karibu. Wakunga wenzangu, bado tunawahi mno kutundika dripu.

Nawe mama, una haki ya kuuliza sababu kabla ya kukatwa, na kuomba mama au dada yako akae nawe leba. Hatari ikijitokeza ukiwa mbali, piga 115 bila malipo, uombe usafiri wa dharura wa m-mama.