Miguu isiyotulia, na mishtuko yake ya usiku

Mwenye ugonjwa wa miguu isiyotulia hueleza vizuri anachohisi akiwa macho. Jioni ikiingia, akikaa au kujinyoosha kitandani, huhisi kama wadudu wanatambaa ndani ya miundi, au mwasho usiofikiwa na kucha. Akiinuka akatembea, hupata nafuu. Asichoweza kukueleza ni kile ambacho miguu yake hufanya akishalala. Hilo muulize anayelala naye.

Watu huyachanganya mambo haya mawili. Akiwa macho, mgonjwa hushikwa na hamu kali ya kusogeza miguu, lakini anayeisogeza ni yeye mwenyewe. Usingizini misuli hushtuka bila yeye kutaka: kidole gumba hunyanyuka, kifundo kikafuata, na mara nyingine goti na nyonga navyo hukunjwa. Mshtuko mmoja huchukua kati ya nusu sekunde na sekunde 10, halafu hurudi, mara nyingi baada ya sekunde 20 hadi 40, kwa mpigo unaokaribia kuwa kama wa saa ya ukutani. Huko kujirudia ndiko kunakoutambulisha. Wapimaji wa usingizi huanza kuhesabu mishtuko ikifika minne mfululizo, na kwa mtu mzima zaidi ya 15 kwa saa huonekana ni mingi. Wapo pia wanaoshtuka hivyo wakiwa macho, wametulia tu.

Kwa hiyo kule kuruka kwa mwili mara moja unapoanza kusinzia, ukidhani unaanguka, ni jambo jingine, na karibu kila mtu hulipata. Msuli kukakamaa usiku nako ni kwingine: huo huuma na huwa mgumu ukiushika.

Zaidi ya wagonjwa 8 katika kila 10 wana mishtuko hii. Lakini kuwa nayo si lazima uwe na ugonjwa, kwani wazee wengi hushtuka usiku bila kusumbuliwa na lolote mchana wala jioni. Ndiyo maana daktari huutambua ugonjwa kwa maelezo ya mgonjwa, si kwa kuhesabu mishtuko.

Ugonjwa huu huitwa pia Willis-Ekbom, kwa jina la Thomas Willis, tabibu Mwingereza wa karne ya 17, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden, aliyeueleza kwa kina miaka ya 1940. Shida haiko kwenye msuli. Iko kwenye mfumo wa fahamu, ambako dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo, haifanyi kazi yake sawasawa, na upungufu wa madini ya chuma katika ubongo unahusika sana. Wingi wa damu unaweza kuonekana mzuri huku akiba ya chuma iko chini, hivyo kipimo cha kuomba ni feritini, kinachoonyesha akiba hiyo. Ikiwa mikrogramu 75 kwa lita au chini yake, madaktari wengi hufikiria kumpa mgonjwa chuma. Usijinywee tu vidonge bila kupima, maana chuma kikizidi hudhuru. Wajawazito wa miezi mitatu ya mwisho hupatwa sana, na wengi hupona baada ya kujifungua. Vivyo hivyo wenye figo zilizoshindwa kazi huwa katika hatari zaidi.

Na zile dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klofeniramini na promethazini, ambazo wengi hununua duka la dawa ili walale? Kwa mgonjwa huyu, zinaweza kuizidishia miguu fujo.