Siyo kila mwenye manyoya ni Persian: uongo tunaouziwa pamoja na paka

Dada yangu alinunua "Persian original", yani paka Mwajemi, ile aina ya manyoya marefu, kwa kuona picha. Picha ilikuwa kali kwelikweli, kipaka cheupe pee, pua imebonyea, kimekaa kwenye kochi la velveti kama mtoto wa mfalme, dada akatuma hela ya kwanza, jioni boda akaleta boksi, kufungua ndani kuna kitoto cha rangi ya majivu, kimechoka, macho yamejaa tongotongo, manyoya marefu kidogo shingoni basi. Kumpigia muuzaji anasema "subiri dada, akikua anabadilika". Amekua. Hajabadilika. Tunamwita Bosi, ana miaka miwili sasa, dagaa anakula kuliko sisi na tunampenda sana, ila Persian siyo na hajawahi kuwa hata siku moja.

Toka hapo mi nikawa mtu wa kusoma na kuwauliza madaktari wa mifugo maswali mpaka nikawa kero. Na nilichogundua ni kwamba karibu kila uongo tunaouziwa unafanya kazi kwa sababu moja, tunamwangalia kipaka, hatuangalii alikotoka.

Tuanze na huo huo wa Bosi. "Ana manyoya marefu kwa hiyo ni Persian." Hapana jamani. Urefu wa manyoya unaamuliwa zaidi na jeni moja, na ile ya manyoya marefu ni ya kujificha, yani paka wawili wa kawaida wenye manyoya mafupi, wote wameibeba kimyakimya, wanaweza kuzaa kitoto chenye mkia kama fagio hukohuko Manzese bila Mwajemi yeyote kupita mtaani. Aina ya paka ni ukoo, siyo muonekano. Na ukoo unaonekana kwenye pedigrii, cheti chenye majina ya wazazi, mabibi na mababu wa vizazi kadhaa, kilichotolewa na chama kinachosajili paka kama CFA ya Marekani (hiyo ipo toka 1906), TICA, FIFe ya Ulaya au GCCF ya Uingereza. Kina namba, na namba unaweza kuwauliza wenyewe kama ipo. Ile kadi ya chanjo wanayokuonyesha wakisema "hizi hapa papers zake" siyo pedigrii, hata kama imechapwa picha ya Persian kwenye jalada.

Wengi wanaouzwa huku kwetu hawana hicho cheti, tuseme ukweli. Siyo dhambi. Paka mchanganyiko ni paka mzuri tu, ila alipiwe bei ya mchanganyiko, siyo ya Mwajemi mwenye ukoo.

Sasa upande wa pili kuna wale waliokipata cheti wakalala usingizi. "Ana papers, basi ni mzima." Cheti kinakwambia baba ni nani, hakikwambii figo za baba zikoje. Na kwa Persian figo ndiyo habari yenyewe. Kuna ugonjwa wa kurithi unaitwa PKD, figo zinaota vifuko vya maji, paka anazaliwa navyo vidogodogo na vinakua naye taratibu, miaka mitatu minne unaona paka yuko fiti, halafu akifika kwenye miaka saba hivi, wengine mapema zaidi, anaanza kunywa maji sana, kukojoa sana, kukonda, kutapika, figo zimeshachoka na hakuna dawa ya kuzirudisha. Kinachouma zaidi ni jinsi unavyorithiwa, mzazi mmoja tu akiwa na hiyo jeni inatosha, kila mtoto anayezaliwa ni nusu kwa nusu. Kabla kipimo hakijaenea, uchunguzi uliofanyika nchi mbalimbali ulikuta zaidi ya theluthi moja ya Persian wanao.

Na kipimo kipo toka jeni yenyewe ilipojulikana mwaka 2004. Wanapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu la paka, kinapelekwa maabara, majibu yanarudi. Wazazi wote wawili wakiwa hawana, watoto hawawezi kuurithi, biashara imeisha hapo. Pasipo na maabara ya hivyo, ultrasaundi ya figo inauona vizuri paka akishafika kama miezi kumi. Kwa hiyo ukikuta mtu anazalisha Persian, swali la kwanza siyo "bei ya mwisho ngapi bosi", ni "wazazi wamepimwa PKD?" Akikuuliza PKD ndiyo nini, umeshapata jibu lako. (Wa Maine Coon na Ragdoll waulize moyo, maana aina hizo zinarithi ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa, na hapo kipimo cha jeni peke yake hakitoshi, mzalishaji makini anawapiga wazazi ultrasaundi ya moyo na anarudia.)

"Pua ikibonyea zaidi ndiyo Persian halisi." Hii inanikera. Persian wa zamani, ukiangalia michoro na picha za miaka mia iliyopita, walikuwa na pua kabisa! Uso bapa umetengenezwa na watu kwa kuchagua kizazi hadi kizazi. Na ukiubana uso, vilivyomo ndani havipungui, vinabanana tu: pua inakuwa nyembamba paka anakoroma kama mzee, mfereji wa machozi unapinda ndiyo maana machozi yanamtiririka yanaacha michirizi ya kahawia, meno hayakutani vizuri, hata kuzaa kunakuwa shida. Halafu umlete Dar mwezi wa pili, joto lile, umeme umekatika. Wapo Persian wa uso wa wastani, wauzaji wanawaita "doll face", na wale bapa kabisa wanaitwa "punch face" na bei yao inapaa. Mi kwa hali ya hewa ya pwani simchukui wa pili hata nikipewa bure. Maoni yangu hayo.

Na masikio yaliyokunjwa? Scottish Fold, wale wenye kichwa kama bundi. Wote chanzo chao ni paka mmoja wa shambani huko Scotland, anaitwa Susie, alionekana mwaka 1961. Watu wanadhani ni staili ya masikio tu. Ukweli ni kwamba gegedu (ule mfupa laini) ni mbovu, na gegedu haiko masikioni tu, iko kwenye viungo vyote, kwa hiyo jeni ileile inayokunja sikio inamuumiza paka miguu na mkia. Wengine wanapata maumivu bado wadogo kabisa, anakaa kama mtu kwenye kiti, sisi tunacheka tunapiga video, kumbe anatafuta mkao usiouma. GCCF walishaacha kuwasajili zamani, Uholanzi imepiga marufuku kuwazalisha. Huyu hana mzalishaji mzuri wala mbaya, sikio likikunja tatizo lipo.

Haya, tuje kwenye umri, maana hapa ndipo wengi tunapigwa bila kujua. "Mchukue akiwa mdogo akuzoee." Wauzaji wanapenda sana hii kwa sababu kipaka cha wiki sita kinapendeza kwenye picha na hakijala chakula kingi. Kipaka kinajifunza upaka kwa mama na ndugu zake, aking'ata sana anang'atwa, anajua kumbe inauma, anajifunza kufukia choo chake, anajifunza kutulia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 2017 walichambua taarifa za paka karibu 6,000 wakaona walioachishwa kabla ya wiki nane walikuwa wakali zaidi, na wale waliokaa na mama kupita wiki 14 ndiyo waliokuwa na tabia tulivu. Wazalishaji makini hawatoi kipaka chini ya wiki 12 au 13. Na kukuzoea wala usiogope, kinachomfanya azoee watu ni kushikwashikwa na kuzungumzishwa akiwa na wiki mbili mpaka saba, na wakati huo yupo kwa mzalishaji, siyo kwako. Ndiyo maana kilicholelewa sebuleni kati ya watoto na kelele za TV na kilicholelewa kwenye banda nyuma ya nyumba ni vitu viwili tofauti hata kama ni mapacha.

Wakikudanganya umri fungua mdomo wake. Meno ya utoto yanakamilika kwenye wiki nane, kwa hiyo "ana miezi mitatu" halafu magego ya nyuma hayajatoka, hapo unacheka unaondoka.

Chanjo nazo. "Ameshachanjwa zote, hutasumbuka." Kipaka kina kinga ya maziwa ya mama ambayo inaizuia chanjo isishike, na inapungua kwa kila kitoto kwa wakati wake, ndiyo maana anaanza kwenye wiki sita mpaka nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike kama wiki 16. Sindano moja haimalizi. Na kichaa cha mbwa kwa kawaida wanachanja kuanzia wiki 12, sasa ukiona kitoto cha wiki saba kadi yake imejazwa mpaka kichaa, aidha umri ni uongo au kadi ni uongo. Kadi ya kweli ina stika ya kichupa cha dawa, tarehe, saini na muhuri wa daktari, siyo biki tupu ya rangi moja kuanzia juu mpaka chini.

Zingine nazipitia haraka. Macho ya bluu, vitoto vyote vya paka vinazaliwa na macho ya bluu, yanaanza kubadilika kwenye wiki ya sita ya saba hivi, usilipie nyongeza. Akiwa mweupe na macho yakabaki bluu kweli piga makofi nyuma yake uone kama anasikia, weupe wa hivyo wengi ni viziwi. "Teacup Persian", hakuna aina hiyo, ni kitoto dhaifu au cha umri mdogo. "Huyu hana manyoya basi haleti aleji", uongo, kinachowasha watu ni protini iliyoko kwenye mate na ngozi ya paka, hata kipara anayo. Na Persian ukimwona ana vipara vya duara piga breki, mapunye yanawapenda sana hao na yanahamia kwa watoto wako wiki hiyohiyo.

Sasa ule uongo mkubwa kuliko wote: "Mama yake yuko shamba." Au Bagamoyo. Au kaibiwa. Au "njoo tukutane kituo cha mafuta nikuletee". Mama ndiyo kila kitu. Ukimwona mama umeona kitoto kitakuwa nani, umeona kama ni mwoga anajificha au anakuja kukunusa, umeona mbavu zake kama amezalishwa mfululizo, maana paka anabeba mimba kama siku 63 tu na anaweza kupandwa tena wakati bado ananyonyesha, mwenye tamaa anamgeuza mashine. Uingereza huko England mwaka 2020 walipitisha sheria ya kuzuia madalali kuuza vitoto vya paka na mbwa vya chini ya miezi sita, lazima ununue kwa aliyezalisha mwenyewe au uchukue kwenye kituo cha wanyama. Sisi huku sheria hiyo hatuna kwa hiyo ni miguu yako. Kama yuko mkoa mwingine piga simu ya video, mwambie amwonyeshe mama na watoto pamoja, saa hiyo hiyo, siyo "nitakutumia baadaye". Na hela ya kreti, hela ya bima, hela ya "kumtoa eapoti" kwa paka ambaye hujawahi kumwona akitikisa mkia, usitume, hata akilia.

Watu pia wanasema mzalishaji anayekuhoji anaringa. Acha ahoji. Anayejali anakuuliza unaishi ghorofa ya ngapi, madirisha yana nyavu, mchana nani yupo nyumbani, umepanga kumfunga uzazi lini, na anakuandikia mkataba kwamba ukishindwa unamrudisha kwake, humuuzi mtaani. Yule anayekuuliza kitu kimoja tu, "unalipia kwa M-Pesa au keshi?", ndiye wa kuogopa.

Halafu kuna hii dhana kwamba paka wa mbegu ni wa kizungu na Kiarabu tu. Kumbe pwani yetu ina wake. Sokoke, wenye mabaka kama gome la mti, wamepewa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Mwaka 1978 mama mmoja wa Kenya, Jeni Slater, alikuta vitoto kwenye shamba lake la minazi Watamu akavilea, baadaye baadhi wakapelekwa Denmark na FIFe wakaitambua aina hiyo miaka ya 90. Leo ukitaka Sokoke mwenye cheti pengine utaagiza Ulaya, paka wa Kilifi! Mi huwa nacheka nikifikiria.

Dada mwaka huu karudi tena sokoni, safari hii kwa adabu. Kampata mama mmoja wa makamo anazalisha Persian wa doll face, ana majike mawili tu, majibu ya PKD ya wazazi wote kayaweka kwenye faili, na alimhoji dada karibu saa nzima mpaka dada akaniambia "huyu anatoa paka au anatoa mchumba?" Kipaka kina wiki tisa, hakitoki pale mpaka wiki 13, kila Ijumaa inakuja video. Nyavu za dirisha zimeshafungwa. Bosi bado hajaambiwa.