Dar hadi Mwanza kwa ndege: saa moja, au saa moja na nusu?

Kuna hesabu moja haichoki kurudiwa. Dar hadi Mwanza ni kilomita 850, jeti inakimbia kilomita 830 kwa saa, kwa hiyo safari ni saa moja na dakika moja. Tiketi ikiandika karibu saa moja na nusu, utasikia ndege ni chakavu au rubani kazunguka.

Hiyo 850 ni sahihi, ila ni umbali wa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, kiwanja hadi kiwanja. Barabara ya Dodoma, Singida na Shinyanga ni habari nyingine, inazidi kilomita 1,100. Ndege nayo hupita njia zilizopangwa, kwa hiyo huongeza kidogo. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye muda. Ule wa kwenye tiketi si muda wa kuwa angani. Unahesabiwa tangu ndege inaposogea kutoka maegesho ya Dar hadi inaposimama kwenye maegesho ya Mwanza. Kwa desturi ya kazi hii mpaka wake ni zile kabari zinazowekwa kwenye matairi: zikitolewa saa inaanza, zikirudishwa inakoma. Katikati kuna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, kutembea hadi njia ya kurukia, kumsubiri aliyetangulia, na mkishatua, kutembea tena. Yote hayo abiria yuko kitini, mkanda umefungwa, na Mwanza haijasogea hata mita moja.

Mkiruka nako, ile 830 haiji papo hapo. Chini ya futi 10,000 jeti kwa kawaida hubanwa isizidi takribani kilomita 460 kwa saa, na kasi kamili huipata juu kabisa, ikishamaliza kupanda. Muda si mrefu inaanza kushuka tena. Anayebisha ajaribu hesabu yake kwa Zanzibar: kiwanja hadi kiwanja ni kilomita 73 hivi, sawa na dakika tano na ushei. Nani amewahi kufika Unguja kwa dakika tano? Tiketi zitakwambia kama dakika 20, wakati mwingine zaidi, na jeti haiipiti kwa mbali ndege ndogo ya pangaboi, kwa sababu safari nzima ni kupanda na kushuka. Kwa Mwanza aina ya ndege ina maana kubwa: ya pangaboi inayokwenda kilomita 650 kwa saa itachelewa kufika, na ratiba yake huandikwa hivyo.

Kinachozidi kuwavuruga watu ni rubani mwenyewe. Akitangaza kwamba tutaruka kwa saa moja na dakika kumi, anataja muda wa angani tu, magurudumu kuacha ardhi hadi kuigusa. Jirani yako anaangalia tiketi, anatabasamu kwamba mtawahi kwa dakika 20. Hamjawahi chochote, ndugu yangu. Sehemu ya hizo 20 mlizitumia Dar mkiwa kwenye foleni, na zilizobaki mtazimalizia mkielekea maegesho.

Kwa hiyo anayekuja kukupokea Mwanza mpe saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi, si ile aliyoitaja rubani. Na kama una begi lililopakiwa tumboni mwa ndege, mwambie asifike mapema sana.